Joho la Mfano

Kabondo, hapa Kisangani, ukitaka kusifia kitu chako, usisifie karibu na karakana ya Célestin. Yule mtengeneza baiskeli anasikia kila neno, na asilolisikia analiuliza. Fundi Mahmoudi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kibanda chake cha cherehani na karakana ya Célestin vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Na kwa miaka minne mizima alikuwa akisifia makusudi.

"Célestin!" aliita asubuhi ile, redio ikiwa imebanwa sikioni. "Umesikia?"

"Nisikie nini tena, Papa Nadia?"

"Saint-Anselme! Ya tatu mu inchi muzima. Mu vyuo ya private ya huku kwetu, ya kwanza. Si mimi nasema. Redio njo inasema."

Célestin aliendelea kugonga rimu. "Ya tatu. Donc kuko mbili zenye zinawapita. Sasa unalia ao unafurahi?"

Wateja wakacheka. Mahmoudi naye akacheka, kwa sababu jibu lilikuwa tayari mdomoni. "Na ile ya mutoto yako, iko ya ngapi? Haiko hata ku liste! Kule banauzisha diplôme kama kwanga ya muhogo, unachagua yenye ingali ya moto."

Upande wa pili wa ukuta nyundo ikaongeza nguvu. Arsène, mwana wa Célestin, alisoma katika taasisi moja ya mabati nyuma ya soko, na kila mtu alijua yanayosemwa kuhusu mahali pale. Hakukuwa na haja ya kusemewa ukutani. Lakini Mahmoudi alikuwa mtu wa kushona: akishapata kitambaa kizuri hawezi kuacha kukishikashika.

Babu yake Mahmoudi alishona kanzu za Waislamu wa mji huu. Yeye anashonea mapadri, wala haoni tabu. Uzi hauna dini, husema. Kila mwaka Saint-Anselme humpa kazi ya majoho ya wanaomaliza, toge kama wanavyoziita. Na kila mwaka, kabla hajakata kitambaa cha wote, hushona joho moja la mfano, likapelekwa ofisini, likaguswa, likakubaliwa. Joho la mfano linahitaji mwili wa kupimia, na mwili uliokuwa karibu ni wa binti yake Nadia, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uchumi palepale Saint-Anselme.

Mwaka huu Nadia alilipeleka joho mwenyewe. Ofisini akakuta mpiga picha ameitwa kwa ajili ya tangazo la ile nafasi ya chuo iliyosemwa redioni, na hana wa kumpiga. Waliomaliza mwaka jana wametawanyika, huyu yuko Bengamisa, yule Kindu. "Mademoiselle, vaa kidogo," alisema yule mtu. Nadia akavaa. Akapewa karatasi tupu iliyoviringishwa, akaambiwa atabasamu. Akatabasamu, akalivua, akaenda kujisomea, maana mitihani ya kikao cha pili, ile ya marudio, ilikuwa haijaisha. Ni hilo tu.

Wiki iliyofuata bango la kitambaa, lile wanaloliita kaliko, likatundikwa juu ya rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Nadia alikuwa mkubwa kama nyumba. Kando yake paliandikwa kwa Kifaransa kwamba Saint-Anselme ni ya kwanza katika mkoa, na chini yake: ubora una sura yake.

*

Jioni ileile wanawake wa mtaa waliingia uani wakipiga vigelegele, makopo ya poda mikononi. Kisangani mtu akifaulu hapewi mkono peke yake. Anamwagiwa poda kichwani, shingoni, mpaka nyusi zinakuwa za mzee. Na haipanguswi. Unatembea nayo hivyohivyo hadi nyumbani mji ukuone; anayejipangusa njiani amejipangusia bahati yake.

"Ba mama, bado!" Nadia alikuwa akirudi nyuma kuelekea jikoni. "Matokeo bado kutoka! Ile ni foto tu!"

"Foto ya toge! Nani anavaa toge bila kumaliza? Huyu mutoto iko na haya."

Célestin naye alikuja, na kopo lake mwenyewe. Alisimama mbele ya Nadia, mikono ingali na grisi. "Leta kichwa, mutoto. Baba yako iko na kinywa mubaya, lakini wewe hauna kosa." Akamwaga nusu ya kopo.

Mahmoudi aliona jambo lile likimchoma kidogo, lakini zaidi lilimpendeza. Angeweza kusema ngojeni. Hakusema. Mlangoni alisimama Priscille, mwenzake Nadia wa darasani, binti kutoka Basoko, chini ya mto, aliyelala nao nyumba hiyo tangu mwaka wa kwanza, kitanda kimoja na Nadia, huku mama yake akituma samaki wa kukausha kwa mtumbwi wa mashine kila alipopata msafiri. Alikuwa anacheka hadi machozi. Rachida, mke wa Mahmoudi, akachota poda kidogo kwenye bega la binti yake, akampaka Priscille kwenye paji la uso. "Na wewe, usituonee wivu."

*

Saint-Anselme matokeo husomwa kwa sauti, ukumbini, mbele ya wote. Asiyesikia jina lake anarudi kutazama ubaoni ni kozi gani imemwangusha. Nadia hakusikia jina lake. Priscille hakusikia lake. Ubaoni ilikuwa kozi moja kwa wote wawili, takwimu ya Professeur Hilaire: tisa juu ya ishirini. Ilitakiwa kumi.

Walirudi nyumbani bila kupanda toleka, ile baiskeli ya kukodi, bali kwa miguu, kupitia uchochoroni ili wasipite rond-point. Rachida alikuwa amepika lituma ya ndizi na mboga ya pondu. Chakula kikapoa.

"Tisa," alisema Rachida. "Bon. Na pointi moja haiwezi kupatikana? Kule kwingine banavua mutoto mwenye amebakiza kidogo, banamuongezea."

"Saint-Anselme hawavui mutu, mama," alisema Priscille. "Ukizama, umezama."

Yalikuwa maneno ya Mahmoudi mwenyewe. Neno kwa neno. Alikuwa ameyasema ukutani mara ngapi, akiyapigia na mkasi mezani: kule hawavui mutu, ukizama, umezama! Sasa alitazama ukuta ule kana kwamba una macho.

"Musema polepole," alisema. "Célestin asisikie."

"Atasikia tu siku moja, papa," alisema Nadia.

"Asisikie leo."

Basi nyumba ikaanza kunong'ona. Jirani akiingia kuomba moto, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Nadia hakutoka tena. Njia ya sokoni inapita chini ya sura yake, na siku moja aliyojaribu, mwendesha pikipiki alimpungia: "Eh, Excellence! Panda, nakubeba bure!" Alirudi bila chumvi aliyotumwa. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alimleta binti yake amshike Nadia mkono, apate akili. Nadia akampa mkono. Angefanya nini?

Kurudia mwaka ni kulipa karo upya. Mahmoudi alikuwa na cherehani mbili, na usiku Rachida akasema lile ambalo wote wawili walikuwa wameshaliwaza: "Ile ya kichina, unaishonea sana?"

"Naishonea," alisema Mahmoudi. Lakini kesho yake aliifuta vumbi, akaipaka mafuta, kama kitu kinachokwenda kuonyeshwa kwa mnunuzi.

*

Alipopeleka majoho Saint-Anselme walimkalisha kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa ubao. Abbé Noël, anayeshughulika na mambo ya masomo, alichagua joho moja, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Kazi safi, papa tailleur. Kila mwaka kazi safi."

"Merci, mon abbé."

"Mutoto iko aje?"

"Iko. Anabaki nyumbani."

"Lile jambo lilitusumbua sana." Abbé alifunga mlango, akakaa si kwenye kiti chake bali pembeni ya meza, kama mtu wa nyumbani. "Siku ya collation, tukigawa diplôme, tutapata wageni kutoka Kinshasa. Ni wale wenye kupanga vyuo kwa nafasi. Bote wameona ile picha. Watauliza: yule mutoto wa kaliko iko wapi? Tutajibu kwamba ameanguka?"

"Mutoe kaliko, mon abbé."

"Kaliko inatoka, papa. Na ile ya brochure? Na ile yenye iko mu téléphone ya kila mutu? Uso ukishatoka, haurudi." Alikohoa. "Jury inaweza kukaa tena. Ni pointi moja. Mutoto yako iko na akili, hiyo tunajua. Si uongo tunasema."

Kwa muda Mahmoudi aliona kama mtu amemfungulia dirisha. Kisha akamkumbuka yule anayelala upande wa ukuta, kitanda kimoja na Nadia. "Na ule mwingine? Priscille wa Basoko. Naye iko na tisa, kozi ileile. Analala kwangu."

Abbé Noël alilikunja joho polepole, mkono juu ya mkono. "Tukimupa kila mwenye tisa, papa, hii haitakuwa tena Saint-Anselme. Itakuwa kama zile zingine. Wewe mwenyewe unazijua."

Mahmoudi alizijua.

"Mwaka kesho," Abbé aliongeza akiwa tayari amesimama, "tunataka kushonea na maprofesa. Toge za velours, mahameli kabisa. Niliwaza juu yako."

Alikuwa amepanga kusema, ngoja kwanza niongee na mtoto. Maneno yalikuwa palepale. Lakini magoti yake yalikuwa yamebanwa chini ya lile dawati, na kabla hajayachomoa mdomo ulikuwa umeshasema: "Merci, mon abbé." Akapewa na lile joho la mfano, arudi nalo kwa Nadia.

*

Nyumbani alilitangaza kama habari njema, akiwa amesimama, kofia mkononi. Jury imekaa tena. Nadia amepita. Baba ameshasema merci. Rachida akashika kifua, "Alhamdulillahi!" kisha akajiziba mdomo kwa sababu ya ukuta.

Priscille alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Na mimi, papa?"

"Wewe..." alisema Mahmoudi. "Wewe bataangalia."

"Bataangalia lini?"

Priscille akaendelea kuchambua, akitoa vijiwe kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sinia. Alichambua mpaka mchele ukaisha, akaosha mikono, akaingia chumbani. Walisikia begi lake likivutwa chini ya kitanda.

"Juu ya nini mimi na si yeye?" aliuliza Nadia. "Tulisoma kitabu kimoja. Taa moja. Tumeanguka swali moja, papa, lilelile! Juu ya nini?"

"Jury iliona kwamba..."

"Jury iliona kaliko."

"Sema polepole!"

"Nadia," Rachida aliingilia, "sikia mama yako. Diplôme haiulizwe ilipitia njia gani. Wee pokea, kisha utamusaidia mwenzako na mushahara."

"Mama, kesho mutu akiniuliza takwimu, nitamuonyesha kaliko?" Alilichukua lile joho, akalitazama mshono wa begani ambao yeye ndiye alisimama apimiwe, akaliweka juu ya cherehani mbele ya baba yake. "Papa, ni wewe njo ulisema merci. Basi vaa wewe."

Hakuwahi kusemewa hivyo na mtoto. Mkono ulimpanda, kisha ukashuka wenyewe.

Alfajiri wasichana wote wawili hawakuwepo. Rachida alikuwa ameketi jikoni, moto haujawashwa. Alikuwa amewasindikiza hadi beach, gatini mtoni, kwenye mtumbwi wa mashine wa Basoko.

"Amesema anaenda na mwenzake kumueleza mama yake, ule asibebe haya peke yake. Atarudi afanye ile kozi tena. Na wewe," Rachida alisema bila kumtazama, "amesema urudishe toge. Uwaambie bafute ile pointi. Akiandikwa kwamba amemaliza, hataweza kurudia. Mutu mwenye amemaliza hawamuandike tena."

"Na wewe unasema nini, Mama Nadia?"

"Mimi nilisema yangu jana. Leo nasema urudishe."

*

Alijaribu. Ni lazima isemwe kwamba alijaribu. Alikwenda ofisini mara mbili, Abbé Noël yuko na wageni. Mara ya tatu akaambiwa, papa, ongea nasi kisha ya sherehe. Ikabaki asubuhi ya collation yenyewe. Atawahi, atamshika Abbé mlangoni, atampa joho mkononi, atasema maneno mawili, ataondoka.

Lakini alipotoka nje Célestin alikuwa ameegesha baiskeli mlangoni, kiti cha nyuma amekivisha mto mpya, na yeye mwenyewe kavaa koti.

"Unafikiri utaenda na mguu siku kama hii? Panda, Papa Nadia. Mutoto ametangulia?"

"Ametangulia," alisema Mahmoudi.

Walifika ukumbi umejaa. Wasichana wa itifaki waliwasukuma mpaka viti vya wazazi, na mlango ukafungwa. Abbé Noël alikuwa mbali kule mbele, kati ya maua na wageni. Mahmoudi akakaa, joho limekunjwa mapajani kama mtoto aliyelala.

Recteur, mkuu wa chuo, akazungumza kwa muda mrefu. Alisema chuo hakijengwi kwa matofali, kinajengwa kwa jina. Akasema mahali pengine pointi zinagawiwa kama mkate wa msibani, lakini hapa, anayeondoka na diplôme ameitolea jasho. Ukumbi ukapiga makofi. Célestin akapiga kwa nguvu zote, akamgusa Mahmoudi kwa kiwiko: "Ni maneno yako kabisa! Ulimufundisha wewe?" Mahmoudi aliangalia chini, akaona mikono yake nayo inapiga.

Wakaanza kuita majina. Kila jina, shangwe kona moja. Kisha: "Nadia Mahmoudi."

Hakuna aliyesimama. Nyuma ya jukwaa kaliko ya pili ilikuwa imetundikwa, na Nadia alikuwa akitabasamu pale, mkubwa kuliko recteur. Jina likarudiwa. Vichwa vikaanza kugeuka. Wageni wa Kinshasa wakainuka kidogo kwenye viti vyao.

Abbé Noël aliishika maikrofoni bila haraka. "Mutoto wetu anaumwa," alisema. "Lakini baba yake iko. Tena ni yeye mwenye kushona toge zetu zote. Papa, kuja utupokelee."

Ukumbi ulipasuka. Wazazi walisimama. Célestin akamwinua kwa kwapa. Mahmoudi alikuwa na maneno yake mawili, alikuwa ameyabeba tangu nyumbani, na alifikiri: nikifika mbele nitayasema. Kwenye ngazi msichana wa itifaki aliliona lile joho mkononi. "Papa, vaa ya mutoto, foto iwe muzuri!" Na alikuwa ameshalikunjua, ameshampitisha mkono mmoja.

Lilikatwa kwa mabega ya Nadia. Lilimkaba kwapani, na alipoinua mkono kupokea, alisikia uzi wake mwenyewe ukikatika mgongoni, tak, tak. Ni fundi tu angeusikia. Abbé Noël alimpa bomba la karatasi lenye utepe, akamkumbatia mbele ya kamera.

"Mon abbé," Mahmoudi alimnong'oneza sikioni, "mutoto amesema mufute..."

"Félicitations, papa," alisema Abbé, akimgeuza taratibu kwa bega kuelekea kwenye mwanga.

Pale chini ya ngazi Célestin alikuwa anangoja na kopo.

*

Poda ilimjaa kwenye ndevu, kwenye masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Alikaa nyuma ya baiskeli, joho limembana, Célestin akikanyaga pedeli na kupiga kengele hata pasipo na mtu. Watu walisimama kando ya barabara. "Félicitations, papa! Félicitations ya mutoto!" Mahmoudi aliinua mkono ule ambao ungeinuka bila kuchana zaidi.

"Nisikie, Papa Nadia," alisema Célestin, mgongo wake umeloa jasho. "Ulinicheka miaka. Nilikukasirikia, sikufichi. Lakini leo nimesikia na masikio yangu. Ulikuwa na haki." Alikanyaga kwa nguvu, njia ilikuwa inapanda. "Arsène namutoa kule. Nimeshauzisha baiskeli mbili, na ya tatu njo hii. Mwaka huu anaanza Saint-Anselme, anaanza chini, likambo te, si kitu. Asome kweli."

Rond-point ilikuwa mbele yao. Nadia aliwatazama wakija, na karatasi yake tupu mkononi.

"Lakini niambie kama ndugu," alisema Célestin. "Si redio, si recteur. Wewe mwenye kuwa na mutoto kule. Nimulete?"

Poda ilikuwa imemganda Mahmoudi midomoni, na jasho limeifanya uji mzito. Aliinua mkono ajifute apate kusema. Célestin, aliyekuwa akigeuza shingo kungoja jibu, akaona.

"Usipanguse, papa! Tungali njiani!"

Mkono ukashuka, ukashika chuma cha kiti.

"Mulete," alisema Mahmoudi.

Célestin akapiga kengele, mara nyingi, kwa furaha, akazunguka rond-point yote mara mbili ili watu waone vizuri.